Mshipi wa Wabwile

"Wewe mwenye boti! Ebu cheka kidogo, bana! Unaniharibia picha!"

Sauti hiyo ilikuwa ya Mwihaki, na ilisikika juu ya muziki wa magari, kelele za watoto na mlio wa nyama kwenye makaa. Ilikuwa siku inayofuata Krismasi. Nusu ya mji wa Kitale ilikuwa imehamia Bwawa la Kaptarit, lile bwawa la kuchimbwa ambalo watu hunywa maji yake mwaka mzima bila hata kulijulia hali, kisha sikukuu zikifika wanalikumbuka ghafla kama shangazi aliyechinja. Mwihaki alikuwa amesimama mwisho wa gati la mbao, jinzi ya buluu, fulana nyeupe, leso nyekundu kichwani, kamera shingoni, na kwenye mkoba wake mashine ndogo ya kutoa picha papo hapo. Siku za kawaida alipiga picha za vitambulisho katika studio yake karibu na msikiti wa mjini. Jumapili na sikukuu alikuwa hapa.

Kwenye boti ya manjano wapenzi wawili walikuwa wamekumbatiana, meno nje, wakingoja kupigwa picha. Nyuma yao mtu wa makasia alikuwa ameinamisha kichwa akitazama maji, uso umekunjamana.

"Nimecheka," akasema bila kuinua kichwa.

"Umecheka na nani, samaki?"

Watu wa gatini wakaangua kicheko. Boti ilipofika, yule mtu akashuka, akaifunga kamba, akamfuata Mwihaki moja kwa moja. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, jaketi ya kuelea ya rangi ya machungwa imevaliwa juu ya shati lililopigwa pasi. Pasi siku ya sikukuu, kazini! Mwihaki aliliona hilo kabla ya kuuona uso.

"Dada, mimi nimelipwa nipige kasia. Kucheka hawajalipia."

"Basi nitalipa mimi. Kicheko kimoja ni ngapi?"

Hapo akacheka kweli, mwanya ukaonekana, macho yakajaa mwangaza. Wacha niseme ukweli maana sina wa kumwogopa: Mwihaki alisahau kubonyeza kamera.

"Si unaona," akasema yule mtu. "Nimecheka na hukupiga. Hasara ni yako. Mimi naitwa Wakoli."

"Mimi Mwihaki. Na bado unanidai tabasamu."

"Ati nakudai? Haya. Leta namba ya simu basi, nikulipe polepole."

Usiku huo, akipanga picha zake, Mwihaki alihesabu zile alizopiga za boti. Zilikuwa arubaini na moja. Katika zote arubaini na moja Wakoli alikuwa akitazama maji. Alidhani ni aibu, akatabasamu peke yake, akalala.

Mapenzi yao yalikua kwa simu. Wakoli alikuwa na ile sauti nzito ya watu wa Bungoma, isiyo na haraka, na alikuwa akipiga simu saa saba mchana kila siku, boti zikiwa zimepumzika.

"Umekula, malaika wangu?"

"Nimekula githeri."

"Githeri tena! Nyinyi watu mtaisha. Siku nikikupeleka kwetu Matulo, Mayi, mama yangu, atakuchinjia jogoo, ukule mpaka usahau njia ya kurudi."

"Kwani nyinyi mnaoa kwa kuku?"

"Tunaoa kwa ng'ombe. Kuku ni ya kunyamazisha mdomo ya bibi arusi."

Alikuwa akija studio Jumatano jioni, amebeba mahindi ya kuchoma kwenye gazeti, na Hibo, jirani wa Mwihaki aliyeuza viatu na nguo za mitumba mlango wa pili, alikuwa akijifanya ana kitu cha kuazima ili tu awachungulie. Kitu kimoja pekee kilimuudhi Mwihaki. Wakoli hakunywa chai yake. Hata kikombe kimoja! Angeandaliwa, angeshukuru, angekishika mpaka kipoe, kisha angekirudisha mezani kikiwa kimejaa. Alitembea na chupa yake ya maji ya kisima, na hata juani alikunywa hayo hayo.

Tena kulikuwa na Jumatatu. Kila Jumatatu simu ya Wakoli ilikuwa mteja hapatikani, asubuhi mpaka giza.

"Jumatatu ni ya mwingine," Hibo alisema, akipanga viatu. "Wallahi, mwanamume akizima simu siku moja kila wiki, huyo ana ratiba."

"Wacha maneno yako."

"Sawa, nimeacha. Lakini wewe una miguu."

Mwihaki alikuwa na miguu, na alikuwa na wivu pia, wivu wa kuchemka. Jumatatu iliyofuata alifunga studio, akavaa gauni lake la kijani na viatu vya kisigino ili huyo mwingine akimwona ajue amepatikana, akapanda pikipiki hadi Kaptarit. Bwawa lilikuwa tupu. Jumatatu boti za starehe hazifanyi kazi. Katikati ya maji, karibu na mnara wa saruji ambapo maji huingia kwenye mabomba ya kwenda mjini, aliona boti moja ya manjano. Wakoli alikuwa ndani peke yake, ameshika mti mrefu wa mianzi wenye ndoano ya chuma, akiuzamisha, akiuvuta, akiuzamisha tena.

Alimngoja saa mbili nzima kwenye gati, viatu mkononi. Wakoli alipomwona hakukasirika. Alikaa chini kando yake, mikono imelowa.

"Unatafuta nini huko?" Mwihaki aliuliza.

"Ndugu yangu."

Wabwile alikuwa kaka mkubwa wa Wakoli, kifungua mimba wa mama yao, Mama Nasike wa Matulo. Miaka saba nyuma alikuja hapa na vijana wa kanisa kutembea. Boti ikapinduka. Wenzake wakaokolewa, yeye hakuonekana. Wapiga mbizi walitafuta siku nne wakachoka, na mwezi mmoja baadaye wazee wa ukoo wakafanya yale yanayofanywa mtu akipotea majini: wakakata mgomba, wakauvisha shati lake, wakauzika kaburini kwa nyimbo na maombi. Wakoli wakati huo alikuwa seremala mjini Bungoma.

"Siku ya tatu ya matanga Mayi aliniita," Wakoli alisema. "Akaniambia, wazee wamezika mgomba, mimi sijazika mtoto. Niletee mtoto wangu. Nikamwambia, Mayi, nitamleta. Nikaapa. Wiki hiyo hiyo nikaja kuomba kazi hapa."

"Miaka saba, Wakoli?"

"Miaka saba. Na maji ya mfereji wa Kitale siwezi kunywa. Nisamehe hiyo chai yako. Nikishika kikombe, ninamwona yeye."

Mwihaki alilia, akamshika mkono, na aibu ya viatu vyake vya kisigino ikamchoma. Aliyekuja kufumania ndiye aliyefumaniwa na huzuni ya mwenzake. Kuanzia siku hiyo alimpenda kwa namna nyingine, ya kumwonea uchungu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, maana haitoki.

Mwaka ukapita hivyo, na sikukuu nyingine nayo ikaja ikaenda. Baba yake Mwihaki, Mzee Kimotho, mkulima wa mahindi upande wa Cherangany, alianza kuuliza. "Huyo kijana ana miguu?" aliuliza kila Mwihaki alipokwenda nyumbani. "Kama ako nayo, ailete hapa." Mwihaki alikuwa na miaka ishirini na tisa. Wakoli naye kila mara alikuwa na jibu moja: kwao mdogo hamruki mkubwa. Wabwile akilazwa vizuri, siku itakayofuata ataleta wazee.

Mwishoni mwa Januari habari zikatangazwa. Bwawa lilikuwa limejaa tope. Kwa mara ya kwanza tangu wazazi wao walipokuwa vijana, maji yangefunguliwa yote yatoke, tingatinga ziingie zichote tope kwa wiki tano, kabla ya mvua za masika. Mji ungepewa maji ya magari. Watu walilalamika, wakapanga mitungi barabarani, wakatukana. Wakoli peke yake alifurahi.

"Mwihaki! Umesikia?" Alipiga simu saa mbili asubuhi, akihema. "Watatoa maji yote! Nitatembea chini huko kwa miguu yangu!"

"Nimesikia, mpenzi. Mungu amekuona."

"Nitatafuta kila siku. Kila siku, mpaka mvua."

Mwihaki ndiye aliyeuliza, na afadhali asingeuliza.

"Na usipompata?"

"Nisipompata..." Alivuta pumzi. "Nisipompata, sitakudanganya. Siwezi kuoa. Nitangoja siku watalitoa maji tena."

"Lini hiyo?"

"Injinia anasema miaka ishirini."

Hapo hofu ikamwingia Mwihaki, na mtu mwenye hofu hana akili, hata awe amesoma. Alikuwa na picha ya Wabwile. Wakoli alikuwa amempa aikuze, ya mwisho kupigwa, asubuhi ile ile ya safari: kijana amesimama mbele ya nyumba huko Matulo, shati jeupe, mkono kiunoni, na kiunoni mshipi mpana wa ngozi wenye kichwa cha farasi cha shaba mbele. Mwihaki alikuwa ameikuza kwa mikono yake. Aliujua mshipi ule kuliko mwenyewe aliyeuvaa.

Alitafuta mwingine kama huo kwenye mitumba ya Kitale siku sita. Siku ya saba Hibo mwenyewe akafungua bunda jipya, na kati ya mikoba na suruali ukatoka mshipi wa kichwa cha farasi.

"Huu ni wa mzee," Hibo alisema akiushika kwa vidole viwili. "Unamnunulia nani? Wakoli atacheka."

"Hatacheka," Mwihaki akajibu.

Aliuloweka kwa maji ya chumvi na majivu, akaukausha juani, akaupiga kwa jiwe, akauloweka tena. Bwawa lilikuwa wiki yake ya pili bila maji. Jumapili adhuhuri, tingatinga zimepumzika na Wakoli yuko kanisani, Mwihaki alivua viatu, akashuka kwenye tope kando ya gati, akachimba kwa mkono mpaka kwenye kiwiko, akauzika, akaacha ncha moja nje. Alijiambia haibi kitu cha mtu. Alijiambia Wabwile kwa vyovyote amekufa, na mama anahitaji kitu cha kuzika, na Wakoli anahitaji kulala. Yote hayo yalikuwa kweli, na ndiyo maana yalimdanganya vizuri.

Jumatatu, siku ya tisa tangu chini kuonekana, simu ililia.

"Mwihaki." Alikuwa Wakoli, tingatinga zikinguruma nyuma yake. "Mwihaki, nimempata."

Alilia kwenye simu, yule mwanamume mzima, kilio cha miaka minane. Mwihaki naye alilia, na Hibo akaja mbio akidhani kuna msiba. Wakoli alichimba pale kando ya gati siku mbili zaidi, asione mfupa hata mmoja. Wazee wa wavuvi wakamwambia tope na miaka vimemla, ashukuru kwa alichopewa. Alhamisi akaukunja mshipi ndani ya shuka jeupe, akaenda nyumbani Matulo, na Mwihaki akaenda naye. Ndiyo mara ya kwanza kufika kwao.

Mama Nasike alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, kitenge cha samawati, kitambaa cheupe kichwani, mikono ya jembe. Alipokea lile shuka kwa mikono miwili mbele ya wazee, pasta na majirani. Alilifungua. Aliugeuza mshipi, akaugeuza tena, akapitisha kidole gumba juu ya kichwa cha farasi. Kisha akainua macho, hakumtazama Wakoli. Aliwatazama wageni mmoja mmoja mpaka macho yakamfikia Mwihaki, yakatulia hapo.

"Ni huu," akasema. Akaanza kulia.

Wakauzika kando ya mgomba. Usiku huo Wakoli alilala nyumbani kwao mpaka jua likapanda, jambo ambalo majirani walisema hawajaliona tangu msiba. Asubuhi, alipokuwa bado amelala, Mama Nasike alimwita Mwihaki chumbani kwake, akafunga mlango, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Alitoa nguo za kanisani, akatoa Biblia, na chini kabisa akatoa mshipi wa ngozi wenye kichwa cha farasi.

Mwihaki aliketi kitandani bila kuambiwa.

"Huu ulikuwa wa mume wangu," Mama Nasike alisema kwa sauti ya chini. "Wabwile aliuvaa apigwe picha. Picha ikaisha, nikamwambia vua, hicho ni kitu cha marehemu, hakiendi matembezi. Akavua. Akaenda na kamba kiunoni. Wakoli alikuwa Bungoma, hajui. Ni wewe uliuweka?"

"Ni mimi, Mama."

"Yeye anajua?"

"Hajui. Mama, nisamehe, nilikuwa—"

"Nyamaza kwanza." Alikuwa akiukunja ule mshipi taratibu. "Lile neno nilisema kwa uchungu. Mtu akifiwa anasema mangapi? Nimemwambia arudi nyumbani, nimemtumia pasta, nimemtumia wajomba. Anasema, Mayi, niliapa. Nilipoteza mmoja, huyu wa pili nikawa ninamwona Krismasi. Jana amekula. Amelala. Sasa wewe funga mdomo, olewa na yeye, mje hapa mnizalie watoto."

"Lakini ni uongo, Mama."

"Ni uongo. Na mimi nimeuzika mbele ya pasta." Aliurudisha mshipi chini ya nguo, akafunga sanduku, akaweka ufunguo kifuani. "Twende tukachambue maharagwe."

Haya basi, nani hapo angefungua mdomo? Mwihaki aliufunga.

Wiki zilizofuata zilikuwa za furaha, na alizifurahia, hilo sitalificha. Mvua za masika zilipoanza, mito ikashuka na bwawa likajaa, nchi nzima ikawa ya kijani. Wakoli akabadilika. Alipata nafasi kwenye karakana ya useremala Bungoma, aanze mwezi wa saba. Alikuja kwa Mzee Kimotho na wazee watatu waliovaa makoti, na Mzee Kimotho, aliyekuwa amepanga kununa, alicheka mpaka akafuta macho. Siku ikapangwa, Agosti. Na Jumatano moja, studioni, Wakoli alichukua kikombe cha chai, akanywa. Akamaliza. Akakisukuma kikombe mbele.

"Ongeza, mpenzi. Kumbe chai yako ni tamu hivi, na ulikuwa unaninyima?"

Mwihaki alikwenda nyuma ya pazia la kupigia picha akajifanya anatafuta sukari. Huko nyuma alijifunika uso kwa mikono.

Mwezi wa sita, Jumapili, Wakoli alikwenda Kaptarit kurudisha jaketi na funguo za boti. Alimwomba Mwihaki waende pamoja. Alivaa suti ya kijivu, Mwihaki gauni la maua ya njano, na watu wa nyama choma wakawapigia miluzi. Walitembea mpaka mwisho wa gati. Hapo Wakoli akapiga goti, akatoa pete kwenye kitambaa.

"Najua wazee washaongea," alisema. "Lakini nilitaka nikuulize mwenyewe, hapa, mahali ulinitukana mara ya kwanza. Mwihaki, utanikubali?"

"Simama, utachafua suti."

"Jibu kwanza. Goti inauma."

Alikuwa akicheka. Kisha akageuza macho kuyatazama maji yaliyojaa mpaka kwenye nyasi, na akaendelea kusema, kwa moyo mweupe, kama mtu anayemshukuru Mungu.

"Unaona ule mnara? Wenzake walisema ni pale alionekana mara ya mwisho. Pale ndipo kwenye kina, tope lilichelewa kukauka. Nilikuwa nimepanga kufika pale wiki ya mwisho. Ona Mungu! Kumbe alikuwa huku karibu. Hata sikuhitaji kwenda."

Mwihaki aliutazama mnara. Alikuwa akijua kwamba Wakoli aliacha kutafuta. Lakini hakuwa ameambiwa kwamba pale, alipomwona na mti wa mianzi Jumatatu ile, ndipo penyewe. Maji yalikuwa yamepafunika, kina cha nyumba tatu kwenda juu. Aliona maisha yake yote mbele, kikombe baada ya kikombe, yeye akimimina na Wakoli akishukuru.

"Wakoli," akasema. "Ule mshipi niliuweka mimi."

Alidhani hakumsikia, maana alikuwa bado anatabasamu. Basi akamwambia yote: picha, bunda la Hibo, chumvi na majivu, Jumapili adhuhuri. Aliyasema haraka, akilia, na kila alilosema lilifuta kitu usoni kwa mwenzake. Wakoli akasimama. Goti la suti lilikuwa na alama ya vumbi.

"Siku ngapi?" aliuliza.

"Nini?"

"Tangu niupate mpaka wafungie maji yaingie. Siku ngapi?"

Mwihaki alijua. Alikuwa amezihesabu. "Ishirini na sita."

"Siku ishirini na sita tope lilikuwa wazi," Wakoli alisema, "na mimi nilikuwa nyumbani nakula kuku ya matanga."

"Nitukane, Wakoli. Niambie kitu."

"Nikutukane kwa nini? Ulitaka kuolewa. Hiyo si dhambi."

"Nilikutaka wewe. Nilikuwa naogopa miaka ishirini."

"Na mimi nilikutaka," akasema, na Mwihaki akasikia vizuri kwamba neno hilo limeshapita. Kisha akamgeukia. Macho yalikuwa mekundu. "Mayi anajua?"

Hapa Mwihaki angeweza kujiokoa kidogo. Angeweza kusema, mama yako alijua, mama yako alinifunga mdomo. Wangeugawana mzigo wawili. Alimfikiria yule mwanamke na ufunguo kifuani, na mtoto mmoja aliyebaki anayempigia simu.

"Hajui," akasema. "Usimwambie. Mwache na kaburi lake."

Wakoli akatikisa kichwa kukubali. Aliiweka pete kwenye mbao za gati, taratibu, pale katikati yao. Akavua koti la suti. Akaichukua ile jaketi ya machungwa aliyokuja kuirudisha, akaivaa juu ya shati jeupe, akashuka kwenye boti.

"Wakoli, leo hutafika popote! Maji yamejaa!"

"Najua."

"Basi rudi tuongee! Wakoli! Nakupenda, unasikia?"

"Nasikia, Mwihaki. Enda nyumbani. Baba yako nitampigia mimi, nitamwambia kosa ni langu."

Akapiga kasia kuelekea mnarani. Hakugeuka. Mwihaki alikaa kwenye gati mpaka watu wa nyama wakazima makaa na magari yakaanza kuondoka, akitumaini. Boti ilibaki pale pale, ndogo, ya manjano, haisogei. Mwishowe akainuka. Pete aliiacha ndani ya mfuko wa lile koti, koti akalikunja vizuri, akalikabidhi kwa askari wa langoni.

Alikuwa kwenye barabara ya kwenda mjini, anatembea kwa miguu, simu ilipolia. Ilikuwa namba ya Matulo.

"Umemwambia," Mama Nasike alisema. Hakuwa akiuliza. "Nimempigia, hachukui. Umemwambia."

"Nimemwambia, Mama. Sikuweza."

"Na kuhusu mimi?"

"Hapana. Nimesema hukujua."

Mwihaki alisikia kuku, na mtu akipasua kuni kwa mbali.

"Asante," Mama Nasike alisema. Kisha: "Ako wapi saa hii?"

"Ako kwa boti. Pale mnarani."

"Basi," akasema mama, "sasa ninao wawili kwa hayo maji."

Hakukata simu. Mwihaki naye hakukata. Alisimama kando ya barabara na gauni lake la maua ya njano, akimsikiliza mama yule akilia, mpaka salio likaisha.